Mito ya Mzee Abasi

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua daftari hili ili niandike mambo ya kuuza nyumba, nisije nikasahau nani kasema nini. Leo mpima aliyetakiwa na benki amekuja. Anaitwa Athanas, mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mweusi. Amezunguka nyumba mara mbili, amegonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua. Si Mwislamu, lakini maji alikataa, akasema hawezi kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Hapo alinipendeza. Kilichoniudhi ni kwamba unamsemesha naye anatazama mlimani.

Wanunuzi ni Allen na mkewe Diana, wote wanafundisha chuo. Wanakopa benki, na benki haitoi hata senti bila ripoti ya mpima. Ndiyo maana nasubiri.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Uluguru hauonekani.

Ijumaa, 14 Machi

Kimya. Nimekwenda Kihonda kufuturu na mdogo wangu Saada. Tangu apate kiharusi mwaka jana mkono na mguu wa kushoto havimsikii, na mdomo umelala upande mmoja, lakini akili ni ileile na ukali ni uleule. Amepanga chumba kimoja. Binti wa mpangaji mwenzake ndiye anayemsaidia kuoga. Kumleta kwangu Bigwa haiwezekani. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni ngazi na mawe matupu, mimi mwenyewe magoti yananidai kila nikipanda.

Ukuta kwa ukuta na Saada kuna nyumba ndogo ya Mzee Abdulmajid, vyumba viwili, choo ndani, sakafu sawa na ardhi. Anaiuza. Ameniahidi kunisubiri hadi mwisho wa Mei, si zaidi. Nimemwambia Saada tutahamia humo masika yakiisha. Akasema, "Dada, usiniahidi kitu ambacho hujakishika." Huyo ndiye Saada.

Jumatano, 19 Machi

Ripoti imekuja. Kondo, dalali wangu, ameileta mwenyewe, matope yamemrukia mpaka kisogoni. Alisimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba. Akasema benki imekataa, kwa sababu nyumba yangu iko mtoni.

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilichukua kalamu nyekundu kabla sijachukua miwani. Ukurasa wa pili uliandikwa hivi, nanakili neno kwa neno:

"Nyumba ipo katika eneo lijulikanalo kama Mitoni. Wenyeji wamethibitisha kuwa zamani mito ilikuwa mingi, ikijaa hadi barazani, na kwamba ilipungua na hatimaye kuisha kabisa baada ya kifo cha mwenye nyumba. Ikumbukwe kuwa sheria hairuhusu makazi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto."

Nilisoma mara ya pili. Nikaanza kucheka, na swaumu yangu, nikacheka mpaka Kondo akaniuliza kama nina homa.

Marehemu mume wangu Abasi alikuwa mshona mito. Mito ya kulalia, ya sufi. Alinunua sufi kwa magunia, tukaichambua barazani, yeye akashindilia, mimi nikashona foronya jioni baada ya kusahihisha madaftari. Nusu ya Morogoro imelalia mito ya Abasi. Watu wakaanza kusema nakwenda kwa Mzee wa Mito, kisha kwa Mito, kisha Mitoni, na waliohamia baadaye wakakuta jina limeshakomaa. Mto wa maji haupo. Kuna mfereji tu nyuma ya nyumba, ambao Abasi aliuchimba kupitisha maji ya mvua yanayotoka mlimani.

Nilimwendea Rehani, jirani yangu, mtu wa Mgeta anayeuza kabichi. Akakiri bila wasiwasi. Yule bwana alimwuliza kwa nini hapa panaitwa Mitoni, akamjibu ukweli, kwa sababu ya mito. Akaulizwa mito yenyewe iko wapi, akajibu imekwisha, Mzee alikufa nayo. Aliona mpima anaandika kwa bidii, akafurahi kwamba marehemu bado anakumbukwa.

Nilicheka hadi adhana ya magharibi. Nilipokula tende ndipo woga ukanishika. Ripoti ni ripoti, na benki haijui kucheka.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimekwenda ofisini kwa Athanas. Kondo alitaka kunisindikiza na bahasha. Kwa maneno yake, mpima yeyote akikuandikia mto usiokuwapo, anataka hela ya kubrashia viatu. Nilimwambia bahasha abaki nayo, mimi nina kalamu nyekundu. Lakini moyoni nilimwamini.

Ofisi ni chumba juu ya duka la pembejeo. Niliweka ripoti mezani, nikaufungua ukurasa wa pili, na pembeni yake nikaweka mto, mto halisi, wa mwisho alioushona Abasi. Nikamwambia, "Huu ndio mto uliouona kwangu. Pima mita sitini."

Athanas aliutazama mto. Akautazama ukurasa. Akavua miwani, akaficha uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka kama mtu aliyeteleza sokoni mbele ya watu, kisha akaniomba radhi mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Yeye ni mtu wa Rukwa, hapa hana hata mwaka. Alisema leo hiihii ataandika upya ukurasa wa pili.

Nikasimama kuondoka, nimeshinda. Akaniambia nikae kidogo.

"Mwalimu, mito nimekosea," akasema. "Maji sijakosea. Umesoma ukurasa wa nne?"

Sikuwa nimeusoma. Nilisema nimeusoma.

Akaanza kueleza habari za huko juu, viwanja vipya vilivyokatwa mlimani, miti iliyoondolewa, maji yaliyopoteza njia yake ya zamani, na kwamba mfereji wa Abasi haupokei tena maji yote. Mengine yanaingia ardhini na kupita chini ya chumba changu cha nyuma. Nasema "akaanza" kwa sababu sikumsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nikingoja afike kwenye bahasha. Hakufika. Alinipa penseli, akaniambia nichore mstari unaovuka ule ufa wa ukuta wa nyuma, niutazame kila baada ya mvua. Mstari ukiachana, ukuta unatembea. Ukurasa wa nne hataubadilisha.

Nilitoka bila kuaga. Penseli nimeondoka nayo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimechora mstari. Si kwamba namwamini, ila ili nimwonyeshe. Ufa wenyewe ni wa siku nyingi, unapanda kama ngazi kutoka sakafuni hadi karibu na dirisha. Kila nyumba ya Bigwa ina ufa.

Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 25 Machi

Mstari uko vilevile.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau kwa Saada. Mzee Abdulmajid alikuja kutupa mkono wa Idi, akakaa, akala, kisha akataja kwa upole kwamba kuna mtu wa Dodoma naye ameiulizia ile nyumba. Nikasema Mei haijaisha. Akasema hajasahau. 

Ijumaa, 4 Aprili

Benki imesoma ripoti mpya. Mto umefutwa, ukurasa wa nne umebaki, na jibu ni lilelile. Hawatoi mkopo.

Kondo anasema kuna mpima mwingine anayekubalika na benki hiyo, mtu muungwana, hana mambo mengi. Nikamwuliza mambo mengi ni yapi. Akajibu, "Mwalimu, huyo Athanas anakuzingua tu. Nyumba imekaa tangu enzi za Mwinyi haijaanguka, leo ndiyo ianguke kwa ajili ya karatasi?"

Lilikuwa ndilo neno nililotaka kulisikia, na nililisikia kwa masikio yote mawili. Nikamwambia amlete.

Jumatano, 9 Aprili

Mpima wa Kondo amekuja, mvua inanyesha. Hakupanda ngazi. Kondo ananiambia alishusha kioo cha gari pale barabarani, akapiga picha mbili za bati, akapandisha kioo. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai ya kumkaribisha. Nimeinywa mwenyewe.

Jumanne, 15 Aprili

Ripoti ya pili. Nyumba yangu iko katika hali nzuri kabisa. Ina vyumba vinne, wakati ina vitatu. Iko eneo tambarare. Inafikika kwa gari hadi mlangoni. Nilishika kalamu nyekundu, nikairudisha mkobani.

Benki imekubali.

Nilipaswa kufurahi na kwa kweli nilifurahi, ila ni furaha ya mwanafunzi aliyepewa maksi za mwenzake kwa makosa. Unanyamaza, unatembea haraka kuelekea nyumbani, unaogopa kuitwa jina.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Mstari uko vilevile, nadhani. Nimebadilisha miwani nikatazama tena. Uko vilevile.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Mstari umeachana kidogo upande wa kulia. Inawezekana ni mkono wangu ulitetemeka nilipouchora.

Jumanne, 22 Aprili

Saada ameanguka chooni. Choo cha wapangaji kiko mwisho wa uwanja na tope limejaa njiani. Binti alikuwa shule. Saada alilala pale hadi mpangaji mwingine alipotoka kuanika nguo. Hajavunjika, Alhamdulillahi, lakini paja lote limevilia damu. Nilipofika alikuwa ameshaoshwa, ananuna.

Nilimwambia tumebakiza kidogo, nyumba inauzwa, tutakuwa na choo cha ndani.  Alikuwa anautazama mguu wake ule kama anayemtazama mgeni asiyejua kuondoka.

Nimerudi Bigwa nimeamua. Sitasoma karatasi nyingine, sitatazama mstari mwingine. Kuweka saini ni tarehe sita Mei kwa wakili. Allah atatuvusha.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Allen na Diana wamekuja na mama yake Allen, amesafiri kutoka Njombe na fuko la viazi kama zawadi. Anaitwa Mama Allen na basi, jina lake sikulipata. Ni rika langu, labda ananizidi mwaka. Alipanda ngazi zangu polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, na alipofika juu hakulalamika, alisema tu kwamba kwao nako ni milima.

Wanataka kumhamishia huku. Anaumwa presha na kule amebaki peke yake. Walimwonyesha vyumba vyote. Chumba cha mbele alikiona kina joto, jua linakiunguza tangu saa nne. Chumba cha nyuma aliingia, akasimama katikati. Akaweka kiganja ukutani, chini kidogo ya dirisha.

"Hiki ndicho changu," akasema. "Kina ubaridi kama kwetu. Morogoro nzima inaniunguza, lakini humu nimefika nyumbani."

Diana akafurahi, akaanza kupima kwa hatua mahali kitanda kitakapokaa. Kichwa ukutani, alisema, ili mama apate hewa ya dirisha. Ufa ulikuwa nyuma ya kabati langu. Ndiyo, kabati nililisogeza mimi, asubuhi, nikajiambia ninafagia.

Niliwapa chai na vitumbua. Mama Allen aliniuliza kwa nini nahama. Nikamsimulia habari ya Saada, kuanguka kwake na yote, na yeye akanishika mkono akasema nimefanya vyema, mdogo hana mama mwingine akishazeeka. Laiti angekuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Sijatazama.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Kuna njia ya Mgeta imekatika, Rehani anasema kabichi za watu zinaozea kwenye malori. Sijatazama.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika nikiwa chumba cha mbele, mlango wa nyuma nimeufunga.

Mvua ilianza juzi haijapumzika. Leo baada ya swala ya alasiri ilitulia kidogo, kukawa na kile kimya cha matone ya mwisho kwenye migomba. Nilikuwa bado juu ya msala. Nikasikia maji. Nilidhani ni mfereji, lakini mfereji uko nje na sauti ilikuwa ndani, tena chini. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ni sauti ya mtu anayemimina maji ya kunawa taratibu, bila kumaliza.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Nikasogeza kabati, sijui nguvu nilizipata wapi. Vipande viwili vya mstari wa penseli havitazamani tena. Kimoja kimeshuka, kimoja kimebaki juu, na katikati kidole changu kidogo kinaingia hadi kwenye kucha. Nikafunua kapeti la mpira. Saruji imelowa, nyeusi, kuanzia ukutani hadi karibu na mlango. Nikaweka kiganja changu pale Mama Allen alipoweka chake.

Ubaridi. Miaka yote tulikisifu chumba hiki kwa ubaridi. Hapana, nisiseme miaka yote. Abasi alipokuwa hai palikuwa pakavu, tulihifadhi sufi humo, na sufi ikilowa mara moja imekwisha. Ubaridi ulianza juzijuzi, baada ya viwanja vile vya juu, na mimi nikauona kama neema.

Nimetoa ripoti ya Athanas, nimesoma ukurasa wa nne kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kibovu, anachanganya "ambayo" na "ambacho", lakini kila alichokiandika nimekishika kwa mkono leo. Anasema ukuta wa nyuma unashuka. Anasema hajui utaanguka lini, unaweza kukaa masika kumi, unaweza usimalize haya. Anasema chumba kisilalwe na mtu mpaka maji yageuzwe njia huko juu, kazi ambayo mwenye nyumba mmoja haiwezi. Nilimwona mla rushwa. Alikuwa anajaribu kuniambia nisilale humo.

Nimempigia simu nikamwomba radhi. Akauliza kwanza kama nalala chumba cha mbele.

Jumamosi, 3 Mei

Sijalala. Nimehesabu sababu za kunyamaza nazo si chache. Inaweza isianguke. Ripoti si yangu, imeandikwa na mtu mwenye mhuri. Sikuulizwa. Allen ni msomi, angepaswa kuja siku ya mvua. Saada yuko Kihonda na paja lililovilia damu.

Sababu ya kusema ni moja tu, na inataka kuweka kichwa chake chini ya dirisha lile.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda Kihonda nikidhani nitamweleza Saada, anisaidie kuamua. Nilipofika nikakuta Mzee Abdulmajid amempa funguo aione nyumba. Saada alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha choo cha ndani, anaupigapiga ukuta wake kwa mkono mzima, na upande mmoja wa uso wake unacheka. Nikarudi Bigwa sijamweleza.

Jumatatu, 5 Mei

Imekwisha. Nitaandika kwa mpangilio, maana kesho kila mtu ataisimulia kwa namna yake.

Saa nne asubuhi Mama Allen alikuja peke yake, na bodaboda, amebeba pazia. Pazia la buluu, amelishona mwenyewe Njombe kwa kukisia ukubwa wa dirisha. Aliomba alijaribishe tu, saini ni kesho, hapendi kumsumbua Diana. Tulikwenda chumba cha nyuma. Kabati nilikuwa nimelirudisha mahali pake. Alisimama kwenye kigoda, mimi nikamshikia, na alipotaka kushuka akaegemea ukuta ule kwa kiganja.

"Baridi hii," akasema, "nitalala kama mtoto."

Nikamwambia, "Hiyo baridi ni maji."

Alidhani ni utani. Nikamshusha, nikasogeza kabati, nikafunua kapeti. Sikueleza kwa maneno mengi. Nilimwonyesha mstari, nikamwambia ulikuwa mmoja. Tukanyamaza, na ile sauti ikawepo, ndogo, chini yetu. Akainama kuisikiliza kama anavyoinama mtu kusikiliza pumzi ya mgonjwa.

Kisha akaniuliza nimejua lini.

"Ijumaa," nikasema.

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo."

"Basi ulikaa nayo," akasema. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa hasira. Alipanda tena kwenye kigoda, safari hii bila kuningoja nimshikie, akalichomoa pazia lake, akalikunja vizuri, akaliweka kwapani. Mlangoni aligeuka akaniambia pole kwa habari ya mdogo wangu. Nilimsikia akishuka ngazi, akipumzika, akishuka.

Mchana Allen alipiga simu. Alikuwa na adabu na sauti ya barafu. Jioni Kondo alikuja akiwa hana adabu kabisa. Alisema nimemwaibisha, nimemwaibisha mpima wake, nimeitupa nyumba yangu mwenyewe kwenye korongo. Alisema mtu hazibi riziki yake kwa mdomo wake. Nilimwacha aseme. Watu wanadhani mtu akisema kweli anajisikia mwema. Mimi nilijisikia mjinga, tena mjinga aliyechelewa.

Jumatano, 7 Mei

Mvua.

Jumatatu, 12 Mei

Mzee Abdulmajid ameiuza nyumba kwa yule mtu wa Dodoma. Hakuvunja ahadi, alinipigia kwanza, akaniuliza kama kuna matumaini, nikamwambia hakuna. Nilimwomba asimwambie Saada, nitamwambia mwenyewe.

Nimemwambia. Nilieleza yote, mito, ukurasa wa nne, pazia.  Saada alinisikiliza akiwa amelala, macho darini. Alipojibu, maneno yalitoka polepole upande mmoja wa mdomo.

"Na wewe bado unalala huko?"

Nikasema chumba cha mbele.

"Hukuniambia uongo kuhusu nyumba," akasema. "Uongo ni huo. Eti chumba cha mbele. Lete nguo zako."

Nikaanza kumweleza kwamba mimi ni mtu mwenye nyumba yangu, kwamba siwezi kuanza kupanga uzeeni, kuomba ruhusa ya kuanika na kusubiri zamu ya choo na watoto wa watu. Nilijisikia nikiyasema, nikaona aibu. Ndiyo maisha yake hayo, kila siku, na mimi nilikuwa nikija Ijumaa na kuondoka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimehamia kwa Saada. Rehani na wanawe wamenishushia vitu. Athanas naye alikuja bila kuitwa, akabeba cherehani.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekata. Nimempeleka Saada chooni mwenyewe, asubuhi na jioni, tumeweka matofali njiani. Ananiambia natembea polepole kuliko yeye.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda Bigwa kutazama nyumba. Jua kali, Uluguru umefunuka wote, kila mgomba unaonekana. Ukuta umesimama. Nilitegemea nini? Nusu yangu ilitaka kuukuta umelala chini, ili Kondo aone, Allen aone, na mimi nijione nilikuwa na haki. Haukuanguka. Saruji imeanza kukauka pembeni. Mtu asiyejua angesema ni nyumba nzuri.

Nilikaa barazani nikalia, kisha nikafagia.

Jumapili, 8 Juni

Kondo ametufuata Kihonda. Hasira zimemwisha, dalali hawezi kukaa nazo muda mrefu. Alituamkia shikamoo mimi na Saada, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, na kabla ya lolote akasema, "Mwalimu, nyumba si imesimama?"

Nikasema imesimama.

Basi ana mnunuzi kutoka Dar. Pesa yake mwenyewe, hana benki, hana mpima, hataki ripoti. Ameonyeshwa picha za baraza na mlima, amependa. Anataka kumaliza wiki hii. Na kama nataka kujua, mtu wa Dodoma aliyenunua kwa Mzee Abdulmajid amekwama, yuko tayari kuiachia nyumba ileile tuliyopakana nayo ukuta, choo ndani. Kondo aliyapanga yote hayo mbele yetu polepole, kama mwanamke anayepanga nyanya sokoni, nzuri zote juu.

Nilimtazama Saada. Alikuwa anautazama ule ukuta tunaopakana na nyumba ile.  Nilimwuliza Kondo huyo mnunuzi ana watu gani, nani atalala chumba gani. Akasema hajui, na hilo linahusu nini.

"Mlete siku ya mvua," nikamwambia.

"Mvua si imekwisha, Mwalimu. Mpaka vuli huko."

"Basi vuli."

Kondo alimgeukia Saada, akidhani kwake atapata msaada. Saada hakuyatoa macho ukutani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa masika yote. Kisha akakinyanyua kikombe chake kwa ule mkono mzima, akanipa nimwongezee chai, na akaniambia nimmiminie na Kondo, ana safari ndefu ya kumrudishia mnunuzi wake jibu.